SAMAKI NA MATUMBAWE KATIKA SANDUKU LA KIOO

Maji ya Mto Mara, yapitayo karibu na Kewanja, huingia Ziwa Viktoria. Kutoka ziwani huteremka kwa Mto Nile, hupita Uganda, Sudani Kusini, Sudani na Misri, na mwisho humwagika katika Bahari ya Kati. Basi maji ya mto huu huifikia bahari, ila si Bahari ya Hindi, ingawa hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi, yapata kilometa 600 na zaidi upande wa mashariki. Mtoto wa Kewanja aweza kukua hata akawa mzee asione kiumbe cha baharini kilicho hai. Lakini wako watu wakaao mbali na pwani kuliko yeye, katika miji ya Ulaya na Marekani, ambao wana kipande cha bahari ndani ya nyumba zao: sanduku la kioo lililojaa maji ya chumvi, na ndani yake samaki na matumbawe hai.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, ambayo watu wote waliweza kuingia na kuwatazama samaki kupitia kioo. Ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo ulimwenguni. Tangu hapo wengi walitamani kufanya vivyo hivyo nyumbani kwao, na wengi waliona samaki wao wakifa mmoja mmoja kabla ya mwezi kwisha. Walikuwa wamechagua kwa macho tu. Mtu aendaye mnadani kununua ng'ombe hatazami rangi ya ngozi peke yake. Hutazama meno na kwato, huuliza habari za maziwa, tena hufikiri kama malisho yake nyumbani yatatosha. Samaki naye huchaguliwa hivyo.

Kabla ya samaki, maji. Katika kila lita ya maji ya bahari mna chumvi kadiri ya gramu 35. Sanduku lenye urefu wa sentimeta 90, upana wa sentimeta 40 na kina cha sentimeta 40 huingia lita 144. Basi mtu akaaye mbali na pwani, akitaka kulijaza, huchanganya maji safi na chumvi zaidi ya kilo 5. Chumvi ya kupikia haifai, kwa maana maji ya bahari yana chokaa na madini mengine ambayo matumbawe huyahitaji. Iko chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kisha maji hupungua kila siku kwa kugeuka mvuke, na hapo wengi hukosea, wakaongeza maji ya chumvi. Lakini chumvi haipandi pamoja na mvuke. Kila mpishi ajua kwamba mchuzi ukichemka mno hadi kupungua, huzidi chumvi. Yapasa kuongeza maji matamu peke yake, hata yafike penye alama ya kwanza.

Jambo la pili halionekani kwa macho. Samaki hula, na baada ya kula hutoa uchafu, na uchafu ule huzaa sumu iitwayo amonia. Ndiyo harufu kali isikiwayo asubuhi katika zizi lililofungwa usiku kucha. Ng'ombe wakifunguliwa hutoka, wakapata hewa safi. Samaki hana mlango wa kutokea. Baharini sumu hii hupotea katika wingi wa maji, lakini ndani ya sanduku hapana budi iliwe na vijidudu vidogo sana vikaavyo juu ya mawe na mchanga. Vya kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Vya pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni machache, nayo huondolewa kwa kubadili sehemu ya maji mara kwa mara. Vijidudu hivi havijai kwa siku moja. Huhitaji majuma manne hata sita, na muda wote huo sanduku huwa na mawe, mchanga, pampu izungushayo maji, na chembe za chakula zilizoachwa zioze, wala hamna samaki hata mmoja. Mgeni akiingia hucheka, akasema, "Huyu amefuga maji!" Naye asema kweli.

Ndipo swali la kuchagua huja. Dukani samaki wote ni wadogo, na wote ni wazuri. Chewa mchanga hutosha kulala katika kiganja cha mtoto. Lakini aina moja ya chewa wa Bahari ya Hindi hukua kupita meta mbili, na kinywa chake hukua pamoja naye. Kwa samaki, jirani aingiaye kinywani ni chakula. Chewa hamli mwenzake kwa chuki, ila ndivyo alivyoumbwa. Hata katika safina ya Nuhu palikuwa na vyumba.

Jambo hili watu wa Mara hawana haja ya kufundishwa na watu wa pwani, kwa kuwa ziwa lao wenyewe lilitiwa samaki aliyechaguliwa kwa ukubwa wake. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sangara alitiwa Ziwa Viktoria, ambamo hakuwamo. Waliomtia walitaka samaki mkubwa wa kuvuliwa, na kwa upande huo walimpata: sangara aweza kufikia urefu wa karibu meta mbili na uzito wa kilo 200, na minofu yake imeuzwa ng'ambo na kuwapa wengi kazi. Lakini ziwani mlikuwa na furu, samaki wadogo wa aina kadiri ya 500, ambao wengi hawapatikani mahali pengine popote duniani. Katika miaka ya 1980 furu walipungua kwa ghafula, na wataalamu hukadiri kwamba aina 200 hivi zimetoweka. Sangara hakuwa sababu ya pekee, maana maji nayo yalikuwa yamechafuka kwa udongo na uchafu uletwao na mito, hata mwanga ukapungua ndani yake. Walakini kinywa chake kilifanya kazi kubwa. Aliyekosea kuchagua samaki wa sanduku aweza kumtoa kwa wavu mdogo jioni ile ile. Ziwani haikuwezekana.

Baadhi ya furu walichukuliwa wangali hai, wakatunzwa katika masanduku ya kioo huko Ulaya na Marekani. Mmoja wa wafugwao hivyo hata leo ni furu aliyepewa na wataalamu, mwaka 1985, jina la Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi; jike lina rangi hafifu, nalo hutunza mayai yake kinywani. Jike hulichagua dume kwa wekundu wake. Maji yakiwa ya tope haliioni rangi vizuri, likakosea, likazaa na dume la aina nyingine, na hivyo aina mbili huchanganyika hata zisitambulikane tena. Afugaye furu hahitaji chumvi wala matumbawe, bali maji matamu na mawe mengi, na kwa mtu wa kando ya ziwa kazi hii ni nyepesi kuliko ile ya bahari.

Katika sanduku la bahari yenyewe, swali la chakula huwadanganya hata wazoefu. Pono, yule ambaye usingizi wake umekuwa mfano wa watu wa pwani, ana meno kama mdomo wa kasuku, naye hukwangua mwamba na kutoa mchanga. Akitiwa pamoja na matumbawe atayaharibu. Vitatange wengi, pamoja na uzuri wao wote, huyadonoa matumbawe yaliyo hai. Kangaja, mwenye kisu kila upande wa mkia, huzunguka mwambani kutwa nzima akila mwani. Katika sanduku la sentimeta 90 huwa kama ndama aliyefungwa kwa kamba fupi. Tena yuko samaki mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi, ambaye kazi yake ni kuwasafisha wengine. Hata chewa humfumbulia kinywa, naye huingia na kutoka salama. Mtu humnunua akidhani amepata mtumishi wa sanduku zima. Lakini samaki wanne au watano hawana chawa wa kumshibisha, naye hukonda mpaka akafa, huku bwana wake akishangaa.

Ni nani basi afaaye? Wako samaki wadogo wa rangi ya machungwa, wenye mikanda myeupe, ambao baharini huishi kati ya minyiri ya kiumbe kiitwacho anemoni. Minyiri ile huwachoma samaki wengine, lakini hao hawadhuriki. Katika sanduku dogo yafaa kuwachukua samaki hawa bila ya anemoni, kwa kuwa yeye ni mgumu kutunzwa, nao huweza kuishi pasipo yeye. Tabia yao ni ya ajabu: wote huanza kuwa madume, na aliye mkubwa kuliko wote hugeuka kuwa jike. Kwa hiyo mwenye akili huchukua wachanga wawili, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenziwe, nao hupatana wenyewe. Mwingine ni samaki mdogo wa mchangani akaaye shimo moja na kamba. Kamba huchimba na kusafisha shimo, lakini macho yake ni dhaifu. Samaki hukaa mlangoni akilinda, na kamba huweka kipapasio chake juu ya mwili wa mlinzi. Samaki akitikisa mkia, wote wawili huingia ndani mara moja. Wawili wenye mikanda, huyu na kamba wake, na labda samaki mmoja zaidi mdogo na mpole, hao watosha kwa lita 144.

Matumbawe huja nyuma ya hayo yote. Watu wa pwani wameyatumia tangu zamani kama mawe. Msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani ulijengwa kwa mawe hayo na chokaa yake. Lakini tumbawe lililo hai ni mji wa wanyama wadogo, kila mmoja na kinywa chake na minyiri yake. Ndani ya miili yao hukaa mwani mdogo mno, ambao kwa nguvu ya mwanga hutengeneza chakula, na sehemu kubwa huwapa wenyeji wake kama kodi ya nyumba. Kwa hiyo achaguaye matumbawe huchagua taa kwanza. Joto nalo lapasa kuwa kadiri ya digrii 25. Katika usiku wa baridi wa Tarime maji yangehitaji kupashwa moto. Joto likizidi mno, mwani hutoka, na tumbawe hugeuka jeupe. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania yaligeuka meupe na kufa, hata yale ya Mafia ambako hifadhi ya bahari ilikuwa imewekwa mwaka 1995.

Anayeanza huchagua matumbawe laini, yale yenye umbo la uyoga au ya kama ngozi, kwa kuwa huvumilia makosa. Yale magumu yenye matawi hutaka mwanga mkali na maji yasiyobadilika hata kidogo. Tena matumbawe hupigana. Usiku mengine hunyosha minyiri mirefu na kumchoma jirani. Kwa hiyo huachwa nafasi ya shibiri moja kati ya moja na jingine. Baadhi ya yale madogo ya rangi, yaliyo kama vifungo vya shati, yana sumu kali, wala hayashikwi kwa mkono wenye jeraha. Mwambani hayavunjwi: yako yaliyokatwa kutoka tumbawe lililokuzwa katika sanduku jingine, maana kipande kidogo kikifungwa juu ya jiwe hukua, na baada ya muda hukatwa tena.

Siku ya kuingiza samaki, mfuko aliomo huelea kwanza juu ya maji hata joto lilingane. Kisha maji ya sanduku hutiwa mfukoni kidogo kidogo, kwa muda wa saa moja. Aliye mpole hutangulia, akapata shimo lake. Aliye mkali huingia mwisho.

MASWALI

1. Sanduku lina urefu wa sentimeta 60, upana wa sentimeta 30 na kina cha sentimeta 30. Litahitaji gramu ngapi za chumvi?
2. Kwa nini maji yaliyopungua kwa mvuke huongezwa kwa maji matamu?
3. Samaki asafishaye wengine hufa kwa njaa katika sanduku dogo. Eleza sababu.
4. Taja furu waliovuliwa karibu na kwenu, na kama wazee wawajua wengine wasioonekana tena, andika majina yao.