Dondoo muhimu: Mvua nje, mtoto ndani

Masika, kati ya Machi na Mei, humfungia mtoto ndani na nguvu zake zote. Anzia jikoni. Mpe sufuria mbili tatu, mifuniko yake na mwiko. Atagonga, atafunika, atafunua, na mfuniko ukikataa atajaribu mwingine. Kelele zitakuwepo, zivumilie.

Donge la unga wa ngano, kwa maoni yangu, halina mpinzani. Changanya vikombe viwili vya unga, nusu kikombe cha chumvi, kijiko cha mafuta na maji kidogo kidogo, ukande mpaka lisinate vidoleni. Wewe ukisukuma chapati za kweli, naye asukume zake pembeni. Ila asile donge hilo, chumvi ni nyingi mno.

Khanga juu ya viti viwili ni nyumba tosha. Soksi zilizoviringishwa ni mipira, na beseni lililolazwa ubavu ndilo goli.

Maharage, karanga na vifuniko vya chupa viwe mbali naye: mtoto wa chini ya miaka 3 hukabwa upesi. Akichezea maji, usimwache hata kwenda kupokea simu. Mkimaliza, yamwage papo hapo.