Somo la Usalama: Mtu Asisimame Kati ya Trekta na Tela

Katika mashariki mwa Uganda trekta si mgeni. Kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, kilianzishwa mwaka 1930, na hadi leo matela ya miwa ni sehemu ya maisha ya kila siku katika barabara za Busoga. Upande wa Mbale, trekta huonekana katika mashamba ya mpunga ya Doho, wilayani Butaleja, na katika mashamba ya mahindi ya Kapchorwa. Huku kwetu mipakani, Busia, Malaba na Lwakhakha, dereva aweza kuwa wa upande mmoja na msaidizi wake wa upande mwingine.

Wengi hudhani kwamba hatari ya trekta imo katika mwendo wa kasi. Somo la toleo hili linahusu hatari nyingine, nayo ni ile ya dakika chache za kuunganisha tela au zana, trekta likienda polepole kuliko mtu atembeaye kwa miguu. Kanuni yake ni fupi: trekta linaposogea, mtu asiwepo kati yake na kile linachokwenda kuunganishwa nacho.

Kwa nini nafasi ile huua

Trekta la kawaida la shambani lina uzito wa tani mbili au zaidi. Dereva anaporudi nyuma huwa amegeuza shingo, na matairi makubwa humficha mtu aliyeinama kushika pini. Kiatu chenye tope kikiteleza juu ya klachi, trekta huruka nusu mita kabla ya mguu kufika kwenye breki. Nusu mita hiyo ndiyo nafasi yote aliyokuwa nayo msaidizi. Hana pa kukimbilia, kwa maana nyuma yake lipo tela.

Utaratibu wa kuunganisha tela

1. Chagueni mahali tambarare. Wekeni kabari au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya tela. Mkono wa tela uegemezwe juu ya stendi au gogo imara, kwa kimo cha chuma cha kuvutia cha trekta. Asitafutwe mtu wa kuuinua kwa mikono huku trekta likirudi nyuma.

2. Mwelekezaji awe mmoja tu, naye asimame kando, mahali ambapo dereva anamwona. Wakikutana Mgisu, Mteso na Msamia katika kazi moja, wakubaliane kwanza ishara za mkono na neno moja la kusimamisha. Neno "Simama!" linaeleweka pande zote mbili za mpaka. Dereva asipomwona mwelekezaji, asimamishe trekta papo hapo.

3. Dereva arudi nyuma kwa gia ndogo kabisa. Matundu yasipolingana, msaidizi asiingie kusukuma kwa bega. Dereva asogee mbele na kurudi tena; kurudia mara tatu si aibu.

4. Matundu yakilingana, dereva aiache gia huru, afunge breki ya mkono, azime injini na kuchomoa ufunguo. Baada ya hapo ndipo msaidizi aingie.

5. Pini iwe ya unene unaojaza tundu, nayo ifungwe kwa klipu yake. Kipande cha nondo si pini: hupinda, na barabara mbovu hukirusha nje. Ongezeni mnyororo wa usalama, ili pini ikikatika tela lisiende peke yake kwa watu.

6. Ondoeni kabari, kisha dereva avute hatua chache taratibu, asimame, na kukagua tena.

Zana za mikono mitatu

Plau na haro nyingi hushikwa kwa mikono mitatu nyuma ya trekta, mpango ulioenezwa duniani na Harry Ferguson, fundi aliyezaliwa Ireland. Ungeni mkono wa chini wa kushoto kwanza, kisha wa kulia, ambao kwa kawaida una mpini wa kurekebisha kimo, na mwisho mkono wa juu. Pini za mikono ya chini huwa za milimita 22 kwa matrekta madogo na milimita 28 kwa yale ya kati. Pini ndogo katika tundu kubwa hucheza na kukatika.

Msiingize mkono wala mguu chini ya plau iliyoinuliwa. Mafuta ya haidroli ndiyo yanayoibeba. Bomba likipasuka au mtu akigusa mpini, chuma hushuka bila kutoa onyo. Plau iwekwe ardhini kabla ya kuguswa.

Uangalifu mkubwa zaidi wahitajika penye shafti ya kutoa nguvu, ambayo mafundi huiita PTO, inayoendesha mashine za kupukuchua mahindi. Mwendo wake wa kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika, yaani tisa kwa sekunde. Nguo ikishikwa, karibu mita moja au zaidi huvutwa kwa sekunde moja, na mwenye nguo huvutwa nayo. Gomesi, leso na koti lisilofungwa visikaribie shafti, na kifuniko chake kisiondolewe kwa kisingizio cha joto au haraka. Mtu asiiruke shafti inayozunguka, hata kama kuizunguka mashine ni mbali.

Mahali pa kufunga mnyororo

Gari linapokwama katika tope, trekta huitwa kulivuta. Mnyororo ufungwe kwenye chuma cha chini cha kuvutia, wala usifungwe kwenye ekseli au mkono wa juu. Ukifungwa juu, magurudumu ya nyuma yanapokwama nguvu ya injini huinua pua ya trekta, na trekta laweza kumpindukia dereva katika muda usiofika sekunde mbili. Mtu hawezi kuruka kwa muda huo. Katika miteremko ya Mlima Elgon hatari hiyo huongezeka. Watazamaji nao wakae mbali, kwa maana mnyororo ukikatika hupiga kama mjeledi.

Tukiingia barabarani

Barabara ya Jinja, Iganga, Tororo hadi Malaba hubeba malori ya mizigo usiku na mchana. Tela lisilo na taa wala viakisi mwanga halionekani usiku mpaka lori limelifikia. Tela likiharibika, livutwe nje ya lami, na pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbali, mbele na nyuma yake. Matawi ya miti peke yake hayatoshi gizani.

Asipandishwe abiria juu ya chuma cha kuunganishia, wala juu ya shehena. Wazazi nao tunawaomba wawakataze watoto kuchomoa miwa kutoka kwenye matela yanayokwenda. Mtoto huvuta muwa mmoja, muwa hukataa kutoka, naye huanguka mbele ya magurudumu ya tela linalofuata. Dereva aliye mbele hana namna ya kumwona.

Ajali ikitokea

Zimeni injini kwanza. Msilisogeze trekta kwa haraka, kwa maana kulisogeza kwaweza kumbana majeruhi mara ya pili. Pigeni simu polisi, nambari 999 au 112, mtaje kijiji na barabara, na mtu mmoja asimame njiani kuwaelekeza waokoaji. Dereva asipigwe. Dereva aliyekimbia kwa hofu ya umati hawezi kuonyesha namna ya kumtoa aliyebanwa, wala kueleza kilichotokea.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

Je, kila trekta linalofanya kazi kwetu lina pini na klipu yake, au lina nondo? Ni nani mwelekezaji, na dereva anazijua ishara zake? Mashine ya kupukuchua mahindi ya jirani ina kifuniko? Watoto wetu huwa wapi matela ya miwa yanapopita?

Penye jibu lisiloridhisha, mwenye trekta na aambiwe kwa heshima kabla kazi haijaanza. Asiposikia, tupeni habari katika kituo kilicho karibu, na afisa wetu wa uhusiano na jamii atakuja tuketi pamoja naye. Ni afadhali kazi ichelewe nusu saa kuliko kumrudisha kijana wa watu nyumbani akiwa amefunikwa shuka.