SOMO LA SITA: OFISI INAPOTOKA NA MTUMISHI
Kulinda fedha na taarifa za wanachama na wateja pale kazi inapofanyika nje ya ofisi

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika, mteja wa SACCOS au mwenye biashara aliyeajiri watu wachache ataweza:
(a) kueleza njia tatu ambazo wahalifu wa mtandao huzitumia kuingia katika taasisi kupitia mtumishi aliye nje ya ofisi;
(b) kutambua dalili za maelekezo ya malipo yaliyoghushiwa;
(c) kuitaka taasisi yake ichukue hatua za ulinzi, na kujua pa kupeleka taarifa jambo likiharibika.

Utangulizi

Zamani taarifa za mkulima wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa zilikaa ndani ya leja, leja ilikaa kabatini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao katibu. Aliyetaka kuziiba ilimlazimu kuvunja mlango. Leo karani hupima kahawa Nyaishozi au Nkwenda, akaingiza uzito katika simu au kishikwambi, akamtumia meneja orodha kwa WhatsApp, na mhasibu akakamilisha malipo jioni akiwa nyumbani kwake.

Utaratibu huu una manufaa. Mkulima halazimiki kusafiri hadi Kayanga kufuata karatasi moja, wala malipo hayasimami kwa sababu mtumishi mmoja yuko safarini. Hatuandiki somo hili kuupinga. Tunaliandika kwa sababu orodha hiyo inayosafiri ndani ya simu ina jina la mkulima, namba yake ya Kitambulisho cha Taifa, namba yake ya simu na akaunti yake ya benki. Simu ya karani sasa ndiyo kabati la leja, na ni lazima ilindwe kama kabati lilivyolindwa.

Madhara ya uzembe hayaishii kwa taasisi. Oktoba 2020, kwa jirani zetu wa Uganda, wahalifu waliingilia mfumo wa kampuni iliyounganisha miamala kati ya benki na mitandao ya simu. Benki ya Stanbic pamoja na mitandao ya MTN na Airtel ililazimika kusitisha kwa muda huduma za kuhamisha fedha kati ya benki na simu. Walieleza kuwa salio za wateja hazikuguswa. Hata hivyo, mteja aliyehitaji kuhamisha fedha zake alikwama, ingawa yeye hakufanya kosa lolote.

1. Njia tatu za kuingilia

Njia ya kwanza ni sauti ya mtu anayejifanya mwenzako. Julai 2020, watumishi wengi wa kampuni ya Twitter ya Marekani walikuwa wakifanya kazi nyumbani kwa sababu ya janga la UVIKO-19. Wahalifu waliwapigia simu wakijitambulisha kuwa mafundi wa kompyuta wa kampuni hiyohiyo, wakidai kusaidia kutatua hitilafu ya kuunganishwa na mtandao wa kazini. Baadhi ya watumishi waliandika maneno yao ya siri katika ukurasa bandia. Kwa njia hiyo wahalifu walizilenga akaunti 130, zikiwamo za Barack Obama na Joe Biden, na kuzitumia kadhaa kuwatapeli watu fedha. Hawakuhitaji mitambo ya ajabu. Walichohitaji ni mtu aliye peke yake, asiye na mwenzake wa meza ya pili wa kumuuliza, “Huyu fundi unamfahamu?”

Njia ya pili ni nenosiri lililoachwa wazi. Mei 2021, kampuni ya Colonial Pipeline, inayosafirisha mafuta kwa bomba nchini Marekani, ilifunga bomba lake kwa siku kadhaa na kulipa wahalifu fidia ya takriban dola milioni 4.4. Walioingia walitumia nenosiri la akaunti ya kufanyia kazi kwa mbali ambayo haikuwa ikitumika tena, lakini hakuna aliyeifunga, wala haikuwa na uthibitisho wa hatua ya pili. Jiulize: karani aliyeondoka msimu uliopita ameondolewa katika kundi la WhatsApp la chama? Nenosiri alilokuwa akilitumia limebadilishwa?

Njia ya tatu ni simu moja kwa matumizi yote. Simu inayobeba orodha ya wanachama mchana ndiyo hiyohiyo ambayo jioni mtoto anachezea michezo, rafiki anaazima kupiga, na fundi wa mtaani anaachiwa usiku kucha ikiwa haina namba ya siri. Kwa watumishi walio karibu na mpaka, kama Murongo, simu yaweza kuhamia mtandao wa nchi jirani bila mwenyewe kutambua. Huo si uhalifu, ila huongeza gharama na huweza kukata mawasiliano wakati mtumishi anapohitaji kuthibitisha jambo. Ni vyema kuchagua mtandao wako mwenyewe katika mipangilio ya simu badala ya kuiacha simu ichague.

2. Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano huu wa kubuni. Ni msimu wa kahawa. Meneja wa chama yuko kikaoni Bukoba. Mhasibu yuko nyumbani kwake Omurushaka. Saa tisa alasiri mhasibu anapokea ujumbe wa WhatsApp kutoka namba ngeni yenye picha ya meneja:

“Hii ni namba yangu mpya. Niko kikaoni, siwezi kupokea simu. Msafirishaji amebadilisha akaunti. Mlipe kwenye hii kabla ya saa kumi, gari lisije likakwama.”

Ujumbe huu ni ndugu wa ule tunaoufahamu sote, “Ile pesa tuma kwenye namba hii.” Tofauti ni kwamba sasa unaombwa fedha za watu wengi. Una dalili nne: namba ngeni, haraka, kuzuiwa kupiga simu, na mabadiliko ya akaunti ya malipo. Yoyote kati ya hizo yatosha kumfanya mhasibu asimame.

Afanye nini? Ampigie meneja kwa namba iliyokuwapo tangu awali katika kumbukumbu za chama, si namba iliyoleta ujumbe. Ampigie pia msafirishaji kwa namba iliyo katika mkataba. Asipowapata wote wawili, asilipe. Malipo yaliyochelewa yatalipwa kesho. Malipo yaliyokwenda kwa tapeli huwa vigumu kurejea. Na bodi ya chama iwe imekwisha kumhakikishia mhasibu kwamba hatakaripiwa kwa kuchelewa kwa sababu ya kuthibitisha. Mtumishi anayemwogopa mkubwa wake kuliko anavyomwogopa tapeli ni rahisi kutapeliwa.

3. Hatua za ulinzi kwa taasisi ndogo

Hatua zifuatazo hazihitaji fedha nyingi:

(i) Kila mtumishi awe na akaunti na nenosiri lake. Nenosiri la watu watano halina mwenyewe.
(ii) Akaunti za barua pepe, WhatsApp na mifumo ya malipo ziwekewe uthibitisho wa hatua mbili. Namba ya uthibitisho inayoletwa kwa ujumbe mfupi asitajiwe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni fundi.
(iii) Malipo yanayozidi kiwango kilichowekwa na bodi yaidhinishwe na watu wawili.
(iv) Badiliko lolote la akaunti au namba ya malipo lithibitishwe kwa mazungumzo ya simu kupitia namba ya zamani.
(v) Simu na vishikwambi vya kazi vifungwe kwa namba ya siri, na programu zake zisasishwe.
(vi) Orodha za wanachama zisitumwe katika makundi ya WhatsApp. Zipelekwe kwa mhusika pekee, kisha zifutwe kwenye simu baada ya kuhifadhiwa mahali salama.
(vii) Mtumishi anapoondoka, funguo zake zote za mtandao zifungwe siku hiyohiyo, kama anavyokabidhi funguo za ghala.

4. Haki yako wewe mwanachama au mteja

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako azilinde na azitumie kwa lengo alilozikusanyia. Unayo haki ya kujua taarifa gani zako zinahifadhiwa na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayosimamia sheria hiyo na kupokea malalamiko.

Kwa hiyo, katika mkutano mkuu usiishie kuuliza bei ya kahawa na tarehe ya malipo. Uliza pia: Taarifa zetu ziko katika simu za nani? Simu hizo ni za chama au za mtu binafsi? Simu ikipotea leo, nani atapewa taarifa, na kwa muda gani? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu kwa viongozi. Ni sehemu ya kusimamia mali yako.

5. Likitokea tatizo

• Simu ya kazi ikipotea au kuibwa, mtoa huduma aombwe kufunga laini mara moja, taarifa itolewe polisi, na maneno ya siri yabadilishwe kwa kutumia kifaa kingine.
• Fedha zikitumwa kimakosa, wasiliana na benki au mtoa huduma papo hapo. Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani.
• Ujumbe wa kitapeli upelekwe kwenda namba 15040. Usiufute kabla ya kuupeleka; ni ushahidi.
• Piga *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa Kitambulisho chako cha Taifa. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma ikaondolewe.
• Kumbuka kuwa mtoa huduma wa simu hukupigia kwa namba 100 pekee.
• Utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Aibu isikuzuie kwenda polisi. Anayenyamaza humwachia mhalifu nafasi ya kumfuata jirani yake.

Maswali ya kujipima

1. Taja dalili nne zilizomo katika ujumbe aliopokea mhasibu wa mfano wetu.
2. Kwa nini haifai kuthibitisha malipo kwa kupiga namba ileile iliyoleta ujumbe?
3. Katika chama, SACCOS au duka lako, nani anazo taarifa zako katika simu yake? Kama hujui, mwulize kiongozi wako kabla ya msimu ujao kuanza.