Pikapu ya Gitaa la Besi na Vita Dhidi ya Mvumo

Kuna wenzetu wanaodai ati mambo ya fizikia hayasemeki kwa Kiswahili. Basi mwaka huu nimeamua kuwajibu kwa pikapu. Sisemi ile gari ya kubeba magunia ya viazi, la! Nasema kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la besi, kikanasa mtikisiko wao na kuupeleka kwa amplifaya.

Ndani yake mna sumaku, nayo imezungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku, umeme kidogo sana huzaliwa katika waya ule. Ni yale yale ya Faraday ya 1831 tunayosoma darasani. Taabu ni kwamba waya hauchagui. Hunasa pia umeme wa nyumba, ambao mapigo yake ni 50 kwa sekunde hapa kwetu na 60 kule Marekani. Spika inaanza "mmmmm" hata kabla mtu hajagusa uzi!

Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, alitengeneza besi ya umeme katika miaka ya 1930, lakini haikuenea. Iliyoenea ni Precision ya Leo Fender, ya 1951. Pikapu yake ilikuwa na koili moja, na kila uzi ulikuwa na kichwa kimoja cha sumaku chini yake. Kuvuma ilivuma sana, tena kila uzi ulipopigwa sauti ilianza kwa kishindo kikali.

Sasa tufike 1957, mahali ninapopapenda mimi. Pikapu ile ilikatwa vipande viwili, kila kimoja na koili yake: kimoja cha nyuzi mbili nene, kingine cha nyuzi mbili nyembamba. Kila uzi ukapata vichwa viwili vya sumaku, kimoja huku na kimoja huku, na kile kishindo kikapungua. Na mvumo je? Uliingia katika koili zote mbili kwa nguvu sawa, lakini koili moja imeelekezwa kinyume cha mwenzake. Hebu fikiria mabweni mawili yakivutana kamba kwa nguvu sawa: kamba haiendi popote. Mbona basi sauti ya nyuzi haipotei? Kwa sababu kila uzi una koili yake peke yake, hauna wa kuvutana naye. (Tusimpe Fender sifa zote: Seth Lover wa Gibson alikuwa ameomba hataza ya pikapu ya koili mbili mwaka wa 1955.)

Mwaka wa 1960 ikaja Jazz Bass yenye pikapu mbili. Ya karibu na shingo hutoa sauti nzito, ya nyuma hutoa sauti kali. Ukizifungua zote sawasawa mvumo unakufa; ukipunguza moja, unarudi.

StingRay ya kampuni ya Music Man, 1976, iliongeza saketi ndogo ya kukuza sauti humo humo ndani ya gitaa, inayotumia betri ya volti 9. Sauti safi kweli kweli, ila betri ikiisha katikati ya wimbo, besi inanyamaza kimya. Na hata leo wako wapigaji wanaonunua Precision ya mtindo wa 1951, koili moja, mvumo na yote, kwa kuwa wanaupenda ule ukali wake.