Kitanda na Kesha: Mafunzo Niliyopata kwa Wanandoa wa Jinja na Mbale

Mimi na mume wangu tumefundisha wachumba kanisani kwa miaka mingi hapa mashariki mwa Uganda, kwanza Jinja, mtaa wa Walukuba, kisha Mbale tulipohamia karibu na ukoo wake. Darasani wanakaa Msoga, Mgisu, Mteso na Mjaluo, kwa hiyo tunazungumza Kiswahili. Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya saba, aliwaruhusu wanandoa waache unyumba kwa masharti: wawe wamepatana, iwe kwa muda, iwe kwa ajili ya sala, kisha warudiane. Maisha yangu ya ualimu yamekuwa kutazama masharti hayo yakivunjwa, moja baada ya jingine.

1. Aliyefundishwa "hapana" tangu utoto hageuki kwa kuvishwa pete

Wachumba wetu wamekulia katika kampeni za ukimwi. Sheria ya Marekani ya 2003 iliyoleta fedha za PEPFAR, mpango wao wa kupambana na ukimwi, ilitaka theluthi moja ya fedha za kinga itumike kufundisha watu wajizuie hadi ndoa. Mabango yakajaa barabarani, vijana wakatia saini kadi za ahadi. Sibezi, maana tulizika watu wengi mno hapa kwetu. Lakini wanakuja maharusi ambao miezi imepita tangu harusi na bado hawajakaribiana, kila mmoja akidhani mwenzake ni mtakatifu kuliko yeye. Waliambiwa mwili ni hatari, na hakuna aliyewaambia hatari hiyo iliisha lini. Wimbo Ulio Bora umo katika Biblia hiyohiyo wanayoibeba kwapani, ila sijawahi kuusikia ukihubiriwa Jumapili.

2. Ssenga anafundisha upande mmoja tu

Bibi harusi ana ssenga, yaani shangazi, wa kumweka ndani na kumweleza kila kitu, na nawaambia wachungaji wasimdharau, maana anajua mengi kuliko vijitabu vyetu. Bwana harusi ana nani? Wagisu humtahiri kijana hadharani katika imbalu, kila mwaka wa namba shufwa, na akisimama bila kutikisika anaitwa mwanamume. Anafundishwa kuvumilia kisu. Kumsikiliza mke hakumo katika somo hilo. Tuliamua mume wangu akae na wanaume peke yao, na mazungumzo yao hurefuka kuliko yetu.

3. Kuna kujizuia kunakoletwa na kodi ya nyumba

Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls mwaka 1954, na umeme ule ukavuta viwanda Jinja. Kiwanda cha sukari cha Kakira kilikuwa kikisaga miwa tangu zamani. Wanaume walikuja kutoka kila upande, na wengi waliacha wake zao nyumbani shambani. Hata leo yupo mume anayefanya kazi ya kiwanda Jinja na mke yupo Sironko na migomba na watoto. Wanaonana Krismasi na kwenye misiba. Mchungaji anahubiri uaminifu kwa nguvu zote, wala haulizi nauli ya taksi kupitia barabara ya Tirinyi ni kiasi gani. Hawa hawakupatana kuacha unyumba, mshahara ndio uliopatana kwa niaba yao. Siku hizi, wachumba wakisema watakaa mbalimbali, tunawataka wataje mbele yetu tarehe za kurudi na nani atalipia safari.

Na wanandoa wanaoishi pamoja pia wana taabu yao. Katika muzigo, nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, watoto wanne nyuma ya pazia, ndoa inangoja usingizi wa mtoto mkubwa. Mama mmoja wa Walukuba aliniambia anawapenda walimu wa shule ya Jumapili kuliko mchungaji, kwa sababu wanamshikia watoto saa mbili nzima. Nikacheka, kisha nikamwomba mwalimu arefushe kipindi.

4. Suala la wake wengi halikufa na wamishenari

Wamishenari walimtaka mwenye wake wengi abaki na mmoja ndipo abatizwe. Mwaka 1914 likatokea kundi la Malaki Musajjakawa, Wabamalaki, lililobatiza watu na wake zao walionao, na makumi ya maelfu wakalifuata. Mbale yetu ilikuwa na mfuasi mkubwa: Semei Kakungulu, jemadari aliyeutwaa upande huu wa mashariki, alijiunga nao kabla ya kuhamia Uyahudi mwaka 1919. Ilichukua hadi 1988 ndipo maaskofu wa Kianglikana, katika mkutano wao wa Lambeth, wakakubali kwamba mwenye wake wengi anaweza kubatizwa pamoja na wakeze na watoto waaminio, mradi aahidi kutooa tena maadamu yeyote kati ya wake hao yu hai, na asilazimishwe kumfukuza yeyote kwa sababu ya dhiki ambayo mke huyo angeipata.

Azimio zuri. Ila mke wa pili anapokuja kuniuliza kama Mungu anamtaka ajizuie ili mume apate kushiriki Meza ya Bwana, sina aya ya kumpa. Kuna makanisa yanayomwambia ajizuie, na ndivyo mwanamke ambaye hakuulizwa alipoletwa anavyoishia kubeba toba ya mume. Mimi humwambia arudi na mume na mke mwenzake, tukae wote wanne. Mara nyingi mume haji.

5. Virusi haviheshimu pete

TASO, shirika la kuwasaidia wenye virusi vya ukimwi lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, lina vituo Jinja na Mbale, na wengi wa wanaokuja kwetu wamepita huko. Mmoja ana virusi, mwenzake hana. Huko wanaelekezwa dawa na kondomu. Kwa padri jirani yetu kondomu ni tatizo. Sisi tunawaambia wamsikilize daktari. Namshukuru Mungu kwamba leo mtu anayemeza dawa zake sawasawa hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Habari hiyo ingepaswa kutangazwa madhabahuni pamoja na matangazo ya ndoa.

6. Ukisikia mke anakesha mno, usianze na Biblia

Mwanamume mmoja wa Mbale alikuja amekasirika, Biblia mkononi. Mkewe mlokole anafunga siku arobaini, akimaliza anaanza kesha la Ijumaa, na kesha likiisha anapanda mlima wa maombi. Alitaka tumsomee mkewe maneno ya Paulo. Tukamwita mke peke yake. Alisema polepole kwamba mume hurudi amelewa waragi, hulazimisha, na asubuhi hawasemezani. Akisema amechoka, anapigwa. Akisema anafunga, hata mama mkwe anamtetea. Kesha lilikuwa mlango pekee wenye komeo katika nyumba ile.

Basi tukamsomea mume, kama alivyotaka, lakini aya nzima. Paulo anampa mume haki juu ya mwili wa mke, na papo hapo anampa mke haki juu ya mwili wa mume. Nusu hii ya pili wanaume wengi huipita kama kituo ambacho taksi haisimami. Nikamwambia pia kwamba Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya 2010 inautaja ukatili wa kingono, na kwamba ndoa si kinga. Alishangaa. Hakushangaa peke yake: muswada wa ndoa na talaka uliotaka kulitaja jambo hili waziwazi uliwekwa kando Bungeni 2013, na viongozi wengi wa dini waliupinga.

Wapo pia wanaume wanaojificha katika mfungo, hasa wenye nyumba ndogo huko Bugembe, karibu na Jinja.

Kwa hiyo sasa kiongozi wa akina mama kanisani kwetu, mtu akijiandikisha kwa mfungo mrefu au kesha la wiki nzima, humuuliza kama mwenzake anajua na amekubali. Mke akijibu hapana, haandikwi kwanza wala hafukuzwi. Anaitwa faragha aulizwe nyumbani kuna nini. Mume akijibu hapana, anaulizwa vilevile. Baadhi walichukia na kuhamia kanisa la pili barabarani, ambako hawaulizwi.