Kuchagua Samaki wa Tangi Lenye Mkondo

Wanaofuga samaki wa mapambo huniuliza sana ni samaki gani wanaelewana. Nami huwauliza kwanza: maji ya tangi lako yanakwendaje? Kwenye tangi lenye mkondo, ugomvi ni jambo la baadaye. La kwanza ni kwamba wote watakaoishi humo wawe na mwili wa kuhimili maji yanayosukuma. Samaki akisukumwa usiku na mchana bila kupata pa kupumzika atadhoofika, hata kama hakuna mwenzake aliyemgusa pezi.

Kwa hiyo dukani namsoma samaki mwili kabla ya kuuliza bei. Beta, ambaye asili yake ni vinamasi na mashamba ya mpunga ya Thailand, hupanda juu kuvuta hewa, na yale mapezi marefu aliyozalishiwa na wafugaji humkokota maji yakisogea, kama tanga lililosahauliwa juu. Samaki malaika naye ni bapa na mrefu kwenda juu, umbo la kupenya kati ya mashina kwenye maji matulivu ya bonde la Amazon. Ni wazuri wote wawili, ila si wa tangi hili. Ninayemtafuta ana mwili wa mviringo uliochongoka, mkia uliogawanyika na mapezi mafupi. Huyo ataogelea katikati ya tangi. Kwa ajili ya chini namtaka mwenye tumbo bapa, ambaye kibofu cha hewa kinachowaelesha samaki wengine kimepungua kwake. Haelei, hukaa juu ya jiwe na kuruka kwenda jingine.

Jambo la pili ni joto, na hapa mji unaoishi ndio unaoamua. Mimi niko Dar es Salaam. Mwezi wa Februari maji ya tangi sebuleni hufika nyuzi 29 bila kipasha joto chochote. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja ya maji, usawa wa bahari, huweza kubeba miligramu 9 hivi, kwenye nyuzi 29 hazifiki 8. Samaki wa mito ya milimani, waliozoea maji baridi yenye hewa tele, huku kwetu wanateseka. Ndiyo maana tangi langu nimelijaza samaki wa Kongo.

Mto Kongo, ukishapita Kinshasa, huteremka zaidi ya mita 250 katika kilomita zipatazo 350 hadi Matadi, na maji yake ni ya uvuguvugu. Huko kwenye maporomoko ndiko anakotoka *Steatocranus casuarius*, samaki wa jamii ya sato, wa sentimita kumi hivi, ambaye dume lake huota nundu kubwa kwenye paji la uso. Nampenda kupita kiasi. Huchagua mwenzi mmoja, wakachukua pango chini ya jiwe, wakalea watoto wao humo. Kanuni yangu ni jozi moja kwa tangi la lita 200, na mapango yazidi idadi ya samaki ili asiwepo anayegombania mlango. Juu yao naweka kundi la tetra wa Kongo, wasiopungua sita, kwa sababu wakiwa wachache huingiwa na woga na rangi hufifia. Dume la tetra lina nyuzi ndefu mkiani, kwa hiyo mawe makubwa nayapanga yakate nguvu ya maji upande mmoja, naye huchagua mwenyewe pa kusimama. Wa tatu ni kambare mdogo wa maporomoko hayohayo, *Synodontis brichardi*, anayetoka usiku kula mwani na mabaki. Kila mmoja ana ghorofa yake na saa zake. Huko ndiko kuelewana kwenyewe.

Aliyeko Nairobi, Arusha au Mbeya ana uhuru mwingine. Anaweza kumfuga *Sewellia lineolata* kutoka vijito vya Vietnam, ambaye mapezi yake ya chini yametanuka hadi yakawa kama sahani ya kunatia mwambani. Nyuzi 20 hadi 24 zinamtosha. Asimnunue, hata hivyo, kabla mawe hayajaota utando wa kijani, maana hicho ndicho chakula chake. Mwenzake mzuri ni *Tanichthys albonubes*, samaki mdogo wa Mlima Baiyun karibu na Guangzhou, China. Lakini mtu wa Nairobi asidanganyike na ubaridi. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji yake ya nyuzi 21 hayabebi oksijeni kupita yangu ya pwani. Uso wa maji lazima uvurugwe huko pia.

Ziwa Tanganyika nako kuna samaki wa mawimbi: *Eretmodus cyanostictus*, anayeishi mwambao wa mawe ambako maji hupiga mchana kutwa. Jike huyaatamia mayai mdomoni, kisha humkabidhi dume vifaranga aendelee kuwabeba. Usimchanganye na wale wa Kongo hata kidogo. Maji ya ziwa lile ni magumu na pH yake inakaribia 9. Mkondo mmoja hauwafanyi kuwa majirani. Apewe tangi lake na jozi yake.

Kuhusu pampu, tangi la kawaida linatosheka na maji yote kuzunguka mara nne au tano kwa saa. La mkondo nalitaka mara kumi, yaani lita 2,000 kwa saa kwa tangi la lita 200. Namba iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa bila sifongo wala kona za bomba, kwa hiyo chukua kubwa kidogo. Pampu ikae upande mmoja na kusukuma maji kwa urefu wa tangi, na mdomo unaovuta uvishwe sifongo ili usinyonye vifaranga.

Umeme ukikatika, samaki wa mkondo ndio wa kwanza kuathirika, kwa kuwa miili yao imezoea oksijeni nyingi. Nina pampu ndogo ya hewa ya betri, inayojiwasha yenyewe umeme ukienda. Inunue kabla ya samaki. Halafu anza na kundi la tetra, maji yakishatulia lete kambare, na jozi ya *Steatocranus* iingie mwisho kabisa, maana ikitangulia itajitwalia tangi zima.