Klipu Niliyoiacha Ifutike: Somo la Kutunza Marudio ya Mechi Mubashara

Kama ulikuwa uwanjani siku ya nusu fainali ya ligi ya vitivo mwaka jana, basi marudio uliyoyaona kwenye skrini kubwa yalitoka mikononi mwangu. Ni mimi niliyekaa chini ya turubai nyuma ya jukwaa, visikizi masikioni, nikisubiri muongozaji aseme, "Dada, nipe marudio."

Dakika ya 31 beki wa kitivo chetu cha Elimu alimkanyaga mshambuliaji wa wapinzani kwenye goti. Mwamuzi, aliyeona tukio kwa kasi yake ya kawaida, alitoa kadi ya njano. Mimi nikalirudia mara nne kwa mwendo wa pole, kutoka kamera ya nyuma ya goli. Kila liliporudi, kelele zilizidi. Siku mbili baadaye kamati ya michezo ilikaa, ikaangalia klipu yangu, ikaamua kwamba beki alikusudia. Akafungiwa msimu mzima, na nafasi yake kwenye timu ya chuo akapewa mwingine.

Kulikuwa na picha nyingine. Kamera ya katikati ya uwanja ilionyesha beki akisukumwa mgongoni kabla mguu wake haujanyanyuka. Niliiona kwa jicho la pembeni wakati mechi inaendelea. Jioni nilipoitafuta, haikuwepo. Hakuna aliyeiiba na kompyuta haikuharibika. Niliiacha ifutike kwa sababu sikujua kazi niliyokalia kiti chake. Naandika ili wewe utakayekaa kile kiti msimu huu ujue.

Seva ya marudio inafanya nini

Marudio ya papo kwa papo yalianza kuonekana Marekani. Tarehe 7 Desemba 1963, kwenye mechi ya mpira wa miguu wa Kimarekani kati ya timu za Jeshi na Wanamaji mjini Philadelphia, muongozaji Tony Verna wa CBS alirudia tukio moja la bao mara moja tu, kwa kasi ya kawaida. Mashine yake ya utepe ilikuwa na uzito wa zaidi ya nusu tani. Shida yake kubwa ilikuwa kupata mahali tukio lilipo kwenye utepe, kwa hiyo aliweka milio kwenye njia ya sauti ili imwongoze. Yaani tangu siku ya kwanza, shida ya marudio ilikuwa ni alama: tukio liko wapi?

Leo utepe umekwisha. Seva ya marudio ni kompyuta inayorekodi kamera zote kwa pamoja muda wote, huku ikikuruhusu kurudi nyuma na kucheza kilichopita bila kusimamisha kurekodi. Kwenye matangazo makubwa ya michezo duniani utakuta sana mashine za EVS, kampuni ya Ubelgiji iliyoanzishwa 1994. Sisi wa vyuoni tunatumia kompyuta ya kawaida na programu. OBS Studio ni ya bure na ina sehemu ya kutunza sekunde chache zilizopita kwenye kumbukumbu ya muda, ukibonyeza kitufe zinahifadhiwa. vMix ya kulipia, matoleo ya juu, ina marudio ya kamera kadhaa. Vifaa vinatofautiana, lakini kanuni ni zilezile.

Duara linalojifuta

Hili ndilo lililoniumiza. Seva hairekodi mpaka diski ijae kisha isimame. Inarekodi kwa duara. Nafasi ikiisha, picha mpya zinaandikwa juu ya zile za zamani kabisa. Kitu pekee kinachookoa picha ni wewe kuifanya klipu: unaweka alama ya kuanzia, alama ya kuishia, unahifadhi. Ambacho hukukifanya klipu, kiko kwenye foleni ya kufutwa.

Tufanye hesabu, maana ni ya darasa la saba na sikuifanya. Kila kamera ilikuwa inarekodi megabiti 100 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, unapata megabaiti 12.5. Kamera tatu ni megabaiti 37.5 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 2.25 kwa dakika. Diski yetu ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 100. Kwa hiyo duara letu lilikuwa la dakika 44 hivi.

Tukio lilitokea dakika ya 31. Zilibaki dakika 14 za kipindi cha kwanza, mapumziko 15, halafu kipindi cha pili. Ukijumlisha, dakika ya 60 ya mechi, wakati mimi nakunywa soda na kufurahia mpira, picha za kamera ya katikati zilikuwa zinafunikwa. Hadi filimbi ya mwisho zilishapita dakika 74, ukiacha za nyongeza. Nilianza kutafuta kitu kilichokufa nusu saa nyuma.

Kwa hiyo, kabla ya mechi, piga hesabu hii na uandike jibu kwenye karatasi mbele yako: "Duara letu ni dakika fulani." Likiwa fupi kuliko mechi nzima na mapumziko yake, futa makorokoro kwenye diski, punguza ubora kidogo, au azima diski nyingine.

Klipu moja haitoshi

Kosa la pili: nilihifadhi kamera moja tu. Tukio lenye utata lihifadhi kwa kamera zote, hata ile unayodhani haikuona kitu. Wewe si hakimu wa nini kina maana. Unaokoa kwanza, unachagua baadaye.

Kosa la tatu: niliikata klipu fupi mno. Ilikuwa ya sekunde tatu na ilianza mguu ukiwa tayari hewani. Sababu ya mguu kwenda hewani ilibaki nje. Acha walau sekunde tano kabla na tano baada ya tukio. Hewani utacheza kipande kifupi upendavyo, lakini klipu yenyewe iwe na pumzi. Kufupisha klipu ndefu ni rahisi, ila fupi hairefuki tena.

Jina linalosomeka

Kwenye mashine za EVS kila klipu ina anwani: ukurasa, benki, kitufe, na herufi ya kamera. Klipu 112A iko ukurasa wa 1, benki ya 1, kitufe cha 2, kamera A. Tukio hilohilo kwa kamera B linakuwa 112B. Waendeshaji hupanga, kwa mfano, benki moja ya mabao, nyingine ya rafu, nyingine ya mashabiki. Muongozaji akiita, mkono unakwenda wenyewe.

Sisi kwenye kompyuta tunaweza kuiga. Klipu zangu siku ile ziliitwa "klipu mpya", "klipu mpya 2", "hii hapa", "hii ndiyo". Sicheki, ndivyo zilivyokuwa. Sasa tunaandika dakika, aina ya tukio, namba ya mchezaji na kamera: 31-rafu-5-K1, 31-rafu-5-K2, 31-rafu-5-K3. Sisi wa Elimu tunafundishwa kutunza mahudhurio darasani ili mwalimu mwingine akishika daftari asikuulize kitu. Majina ya klipu ni hivyohivyo.

Msaidizi mmoja akae na karatasi na saa. Mimi nilikuwa peke yangu, na mtu mmoja hawezi kuandika, kukata na kurusha kwa wakati mmoja.

Kasi nayo inasema kitu

Kuna jambo la kiufundi na jambo la haki. La kiufundi: kamera inayorekodi fremu 25 kwa sekunde, ukiicheza kwa nusu kasi, kila fremu inaonekana mara mbili na picha inaruka-ruka. Rekodi fremu 50 kama kamera inaweza.

La haki ni zito zaidi. Mwaka 2016 watafiti Eugene Caruso, Zachary Burns na Benjamin Converse walichapisha utafiti katika jarida la PNAS wakionyesha kwamba watu wakiangalia tukio kwa mwendo wa pole huamini zaidi kwamba mtendaji alikusudia, kwa sababu wanahisi alikuwa na muda mrefu wa kufikiri. Kuwaonyesha kasi zote mbili kulipunguza upotovu huo, ingawa hakukuumaliza. Hata utaratibu wa VAR ulioingizwa kwenye sheria za soka 2018 unaelekeza kwamba mwendo wa pole utumike kwa mambo ya hakika, kama mahali mguu ulipogusa, na kasi ya kawaida itumike kupima ukali wa rafu.

Nilipomweleza beki wetu haya tukiwa kwenye kimbweta, alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ticha, hata mimi nilipojiona kwenye skrini mara ya nne, nilianza kuamini nilikusudia."

Baada ya filimbi

Usizime mashine. Kwanza hamisha klipu zote kwenye diski ya nje, pamoja na karatasi ya kumbukumbu. Kama unatumia ile kumbukumbu ya muda ya OBS, jua kwamba ambacho hujakihifadhi kinapotea ukifunga programu. Na kwa kuwa umeme wetu tunaujua, rekodi kwa muundo wa MKV badala ya MP4 ya kawaida. Umeme ukikatika katikati, MKV huwa inabaki na kilichorekodiwa, wakati MP4 ya kawaida ambayo haikufungwa vizuri mara nyingi haifunguki. UPS hata ndogo inasaidia.

Halafu klipu zikae siku ngapi? Tumekubaliana kwenye klabu yetu ya habari: siku 14, ili mwenye malalamiko apate nafasi ya kukata rufaa. Na klipu yoyote inayopelekwa kwa kamati itakwenda na kamera zote, na ya kasi ya kawaida itatangulia.

Niliiandikia kamati barua nikieleza picha niliyoiona. Walinipokea vizuri, lakini waliniuliza swali moja, "Iko wapi?" Sikuwa na jibu. Adhabu ilibaki. Beki wetu yuko mwaka wa mwisho sasa, na timu ya chuo imeshasafiri bila yeye.

Ligi inaanza tena baada ya mitihani ya majaribio. Meza ya marudio inahitaji watu wawili kila mechi, na si lazima uwe mtu wa kompyuta. Ukijua kuandika dakika kwenye karatasi bila kusinzia, njoo. Utanikuta palepale chini ya turubai, ila safari hii nitakuwa nimeshika karatasi na saa.